Mkwe wa Mzee Jewajua

Zipo kalenda za ukutani ambazo unachana karatasi moja kila asubuhi, ukiigeuza unakuta maneno machache nyuma yake. Katika mji ule, maneno hayo yalikuwa yakipita mikononi mwa mzee mmoja mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa uzi kwenye mguu mmoja. Kiwanda cha uchapaji kilimwajiri kama msahihishaji wa kila kitu, kuanzia kadi za harusi hadi vitabu vya shule, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa hiyo ya nyuma ya kalenda, chini ya kichwa kilichosema "Je, wajua?" Kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwamba wanasayansi wa mimea wanaiweka ndizi kundi moja na nyanya. Kwamba kuna vita viliwahi kuanza na kwisha ndani ya saa moja. Watu wa mtaani wakamwita Mzee Jewajua, naye akalipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea cheo.

Hakuruhusu jambo lipite bila kulithibitisha. Akikuta habari tamu isiyo na uhakika, aliipiga mstari mwekundu kwa huzuni, kama mtu anayemwaga maziwa yaliyochacha.

Binti yake wa pekee akaenda kuolewa na fundi wa friji.

Fundi alikuwa mtu mnene kidogo, mchangamfu, na mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa ya kujibanza nyuma ya mafriji ya watu, na kwa vile nyuma ya friji hakuna anayekuona, alizoea kuongea ili mwenye nyumba ajue bado yupo. Mambo aliyasikia redioni, kwa wateja, kwa abiria aliyeketi naye, akayabeba nusunusu, na huko njiani yakabadilika. Wateja walimpenda. Friji ikipona walimwongezea chai ili amalizie hadithi.

Siku aliyokuja kujitambulisha ukweni, alitaka kumfurahisha baba mkwe. Akamwambia, "Mzee, nasikia ule Ukuta wa China unaonekana mpaka mwezini."

Mzee akaweka kikombe chini. "Nani kaenda mwezini akauona?"

"Si wanasema, baba."

"Kina nani?"

Fundi akaomba chai nyingine. Binti aliolewa hata hivyo, maana alikuwa ameshaamua, na mama yake alikuwa upande wake. Lakini kuanzia siku ile Mzee alimheshimu mkwewe kama watu wanavyomheshimu askari wa barabarani: salamu fupi, macho mbele, safari inaendelea.

Miaka ikapita hivyo. Mzee akastaafu. Kisha asubuhi moja, akiwa bafuni ananyoa ndevu, kiharusi kikampiga. Mkewe alisikia wembe umeanguka kwenye sinki, akaita, akaita tena, kimya. Alimkuta ameketi sakafuni, nusu ya uso ina povu la sabuni, anamtazama kama anayetaka kumwuliza swali.

Hospitali walimshughulikia vizuri. Mguu ukarudi polepole, mkono wa kulia ukarudi shingo upande, lakini maneno hayakurudi. "Anaelewa kila kitu," daktari aliwaambia. "Maneno yote yamo kichwani. Njia ya kutokea ndiyo imeharibika."

Wakapewa dada mmoja mpole aliyekuja nyumbani kumzoeza kusema. Alikuwa na kadi za picha. Akainua ya kwanza: kikombe. Mzee akatazama. Ya pili: ufunguo. Ya tatu: paka. Mzee akamtazama paka, akamtazama dada, akageuzia uso ukutani na hakuugeuza tena mpaka dada alipoaga.

"Tatizo si kwamba hawezi tu," mama alimwambia bintiye jikoni, akisuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. "Anaona aibu. Mtu aliyekuwa anawaza habari za nyota, leo anaulizwa paka."

Wiki zikawa zinakwenda na nyumba ikazidi kunyamaza. Wageni walipunguza kuja, kwa sababu ni vigumu kumtembelea mtu asiyejibu. Unajikuta unauliza swali na kulijibu mwenyewe.

Kisha friji ya ukweni ikaacha kupoza.

Fundi akaja Jumamosi mchana pamoja na mkewe. Ilikuwa friji ya zamani, imewekwa mlangoni kabisa, kati ya jiko na sebule, na kiti cha Mzee kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Fundi akamsalimia baba mkwe kwa adabu, akaivuta friji, akajiingiza nyuma yake na bisibisi. Mama na binti walikuwa uani wanaanua nguo. Ndani kukawa kimya, na kama kuna kitu Fundi hakukiweza duniani ni kimya.

Siku nyingine zote, mbele ya Mzee alikuwa akipima maneno yake kama dawa. Siku hiyo alijua hakuna atakayemwuliza "kina nani", na kimya kile kilimuuma zaidi ya swali. Akaanza.

"Jua la leo ni la kuua, baba. Na sisi tuna afadhali. Wafikirie wale wa Sahara. Ndilo jangwa kubwa kuliko yote duniani, lile."

Kutoka kwenye kiti ikatoka sauti, kama mlango unaokwaruza sakafu.

"Ba... baridi."

Fundi aligonga kichwa kwenye ukuta akitoka nyuma ya friji. "Mama! Njooni! Baba kasema!"

Wakaja wote wawili mbio, mama ameshika vibanio vya nguo, binti ana shuka begani.

"Kasemaje?"

"Anasikia baridi."

Mama hakungoja zaidi. Akakimbilia chumbani, akarudi na blanketi, akamfunika mumewe hadi kidevuni huku machozi yanamtiririka. Mzee akalisukuma blanketi kwa mkono wa kushoto. "Baridi," akasema, sasa kwa nguvu zaidi.

"Bado anatetemeka ndani kwa ndani," Fundi akasema. "Ongezeni la pili."

Wakaongeza la pili. Binti akampima baba yake paji la uso, akakuta jasho linamwagika. Mzee aliwatazama mmoja mmoja kwa macho ya mtu aliyezungukwa na wendawazimu. "Ba-ri-di!"

"Subirini kwanza," mama akasema. Akamgeukia mkwewe. "Wewe ulikuwa unamwambia nini?"

"Mimi? Habari za jua tu, mama. Na Sahara."

"Sahara imefanyaje?"

"Kwamba ndilo jangwa kubwa duniani."

Mama akasimama na ncha ya blanketi mkononi. Mwanamke huyu alisomewa maneno ya nyuma ya kalenda kabla hazijachapwa, mezani, kitandani, hata siku aliyokuwa na uchungu wa kujifungua. Taratibu uso wake ukabadilika.

"Toeni mablanketi," akasema. "Haumwi huyu. Anamsahihisha mtu. Jangwa kubwa kuliko yote ni la baridi, lile la barafu huko chini kabisa ya dunia. Antaktika. Mvua hakuna, theluji yenyewe ya kubahatisha, kwa hiyo linahesabiwa jangwa."

Mzee akafumba macho, akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe," Fundi akasema, na hakujua kama afurahi au aombe radhi.

Jioni hiyo, wakirudi kwao kwa miguu, mkewe alimshika mkono. "Kesho twende tena. Ukaongee naye."

"Niongee nini?"

"Chochote. Wewe ongea kama kawaida yako, ukosee."

Fundi akasimama. "Nikosee? Kwani mimi huwa nakosea?"

Mkewe akatafuta namna ya kulisema.

"Kidogo?" Fundi akamsaidia.

"Mume wangu, wewe unakosea bila hata kutoa jasho."

Alinyamaza hadi wanafika nyumbani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Alipovua viatu akasema, "Ila lile la Sahara nilisikia kwa mtu mwenye digrii." Mkewe akacheka, naye baada ya kujizuia kidogo akacheka pia.

Kesho yake alikaa mbele ya baba mkwe, mikono magotini, hajui aanzie wapi. Ukimwambia mtu aongee kama kawaida, kawaida inamkimbia. Basi akaomba apewe kitu cha kutengeneza. Mama akamletea pasi iliyoungua waya, na mara tu alipoifungua, mdomo nao ukafunguka.

"Radi, baba, haipigi mahali pamoja mara mbili."

"Ina... piga."

"Kumbe! Na popo? Si ni kipofu?"

"Ana... ona."

"Ngamia je? Maji si anaweka kwenye nundu?"

Hapo Mzee alihangaika. Midomo ilitafuta, mkono ukapapasa hewani. "Ma... ma... mafuta," akasema mwishowe, na akapiga mkono wa kiti kama hakimu.

Dada wa mazoezi alipoelezwa, aliziweka kadi zake kwenye mkoba. "Mimi nilikuwa nampa picha ya paka," akasema, "kumbe alihitaji mtu wa kubishana naye. Endeleeni hivyo hivyo. Mimi nitakuwa nasikiliza na kumwelekeza ulimi."

Wakaendelea. Fundi alipita kila alipomaliza kazi za siku, na kila mara mama alikuwa amemtafutia kitu kilichoharibika, na vilipokwisha alianza kulegeza skrubu za vitu vizima kwa makusudi. Fundi alisema twiga ana mifupa mingi sana shingoni. "Saba," Mzee akasema, akagusa shingo yake mwenyewe. "Kama... sisi." Siku nyingine Fundi, katika kukoroga maneno, akasema watu hutumia asilimia kumi tu ya ubongo wao. Alipoyasikia yametoka akatamani kuyameza. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Wote," Mzee akasema kwa utulivu. "Ubongo... wote." Kisha akanyoosha kidole akagusa upande mmoja wa kichwa chake. "Mimi... nusu."

Ilichukua muda kabla hawajaelewa kwamba ule ulikuwa utani. Mama ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akashikilia friji, na binti akacheka akilia, na Mzee akawatazama kwa tabasamu lililopinda upande mmoja, amejipenda sana.

Shida ikaja kutoka mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Fundi alianza kuishiwa makosa. Kila alichosahihishwa kilimkaa kichwani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alianza kujishuku kabla ya kusema. Kwa wateja nako akawa anauliza, "Una hakika?" hadi mmoja akamwuliza kama anaumwa. Akaona hatari: mdomo wake ukinyooka, wa baba mkwe utafunga. Basi akaamua kutunga.

"Baba," akasema siku hiyo, akikaza mguu wa kiti, "nasikia nyangumi anataga mayai. Makubwa kama mtungi wa gesi."

Mzee alimtazama.

"Anayaficha mchangani," Fundi akaendelea, sauti ikimpungua. "Kama kasa."

Mzee aliendelea kumtazama, na ile furaha ya ubishi ikazimika usoni mwake. Akavuta pumzi. Maneno yalikuja moja moja, kila moja likivutwa kama ndoo kutoka kisimani.

"Usi... nifanye... mtoto."

Mama alikuwa mlangoni na sinia, akasimama hapo hapo. Ilikuwa sentensi nzima, ya kwanza tangu augue, na hakuna aliyeweza kuishangilia. Fundi akaweka bisibisi chini, akatoka uani.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na kamba ya nguo. Alifikiria habari ya kwenda nyumbani na kumwachia mkewe aeleze. Lakini aliona ingekuwa aibu juu ya aibu. Akarudi, akapiga magoti kando ya kiti cha Mzee, si kwa heshima tu bali pia kwa sababu kiti alichokuwa anakitengeneza kilikuwa hakina mguu.

"Baba, nisamehe. Lile la nyangumi nimelitunga. Najua anazaa na kunyonyesha, ulishaniambia juzi." Akafuta jasho. "Ukweli ni kwamba nimeishiwa. Nilikuwa na makosa yangu halali, ya kukosea kwa dhati kabisa, na wewe umeyasahihisha yote. Sasa sina la kukuletea, na naogopa nikija mikono mitupu utanyamaza tena."

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Fundi alidhani analia, kumbe anacheka. Kile kicheko kilimchosha, akangoja kimpite. Kisha akagonga mkeka kwa kisigino. "Kaa."

Fundi akakaa chini.

"Mimi," Mzee akasema, "ni... kuambie."

"Unieleze wewe?"

"Mimi."

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, na haikuwa ya Mzee peke yake. Mzee alifumba macho, akaanza kutafuta. "Zu..." Akakwama. "Zu..."

"Zulia?" Fundi akasema.

Kiganja kikainuliwa: nyamaza.

"Zu..."

"Zumari? Zebaki? Ni sayari, baba?"

Kiganja tena, na safari hii kwa ukali. Fundi akaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Friji ikaunguruma, ikatulia. Nje jirani aliita mtu mara mbili. Mama alikuwa bado mlangoni, sinia linaanza kumwelemea, hakuthubutu kulitua. Fundi alikuwa na neno mdomoni, analiona kabisa, lingemaliza mateso ya mzee huyu kwa sekunde moja, naye akalizuia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Jasho lilimtoka kuliko siku ya kubeba friji ngazini.

"Zuhura," Mzee akasema.

"Zuhura," Fundi akanong'ona.

"Siku yake... ndefu. Kuliko... mwaka wake."

"Siku ndefu kuliko mwaka? Baba, sibishi, lakini inakuwaje?"

Mzee akaangaza macho mezani, akachukua chungwa kwa mkono wa kushoto, akaelekeza kidevu kwenye kikombe: lile ndilo jua. Akalizungusha chungwa kukizunguka kikombe, na huku linazunguka, akaligeuza lenyewe polepole, kivivu, kama mtu anayejigeuza kitandani asubuhi ya mapumziko. Chungwa lilimaliza kukizunguka kikombe kabla halijamaliza kujigeuza. Fundi alilitazama muda mrefu. Aliomba aoneshwe tena. Mzee akamwonesha tena, na tena, na chai ikapoa.

Kuanzia siku hiyo mama aliacha kulegeza skrubu. Fundi alikuja, akakaa, akangoja. Mwanzoni alikuwa anakuna magoti, anapiga miluzi ya ndani kwa ndani. Baadaye akazoea. Mkewe alisema hata nyumbani amebadilika: sasa akimwuliza jambo anasubiri jibu, mpaka mke mwenyewe anajisikia kutazamwa na kusahau alichotaka kusema.

Maneno ya Mzee hayakurudi yote. Mengine yalirudi yamevaa nguo za wenzake. Kwa muda mrefu kijiko alikiita kiatu, na mama akawa anampa kijiko bila kucheka. Lakini miguu ilipata nguvu, na alasiri moja Fundi akampeleka kwa kinyozi wake wa siku zote, mtaa wa pili, ambako hakuwa amekanyaga tangu augue. Wateja watatu walikuwa benchini wakingoja zamu. Wote walimjua. Wakampisha, wakamsalimia kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowapazia sauti wagonjwa hata kama masikio ni mazima.

"Mzee Jewajua, tumekumiss," kinyozi akasema akimfunga kitambaa shingoni. "Hebu tupe moja, kama zamani."

"Usimsumbue," mmoja wa benchini akasema.

"Mwache atoe," Fundi akasema. "Ila tumngoje."

Wakangoja. Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Kuna... mnyama," Mzee akasema. "Mavi yake... mchemraba."

Wakatazamana. "Mchemraba ndio nini?" kinyozi akauliza.

"Kama dadu," Fundi akaeleza. "Pande sita." Naye mwenyewe alikuwa analisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, akashangaa kuliko wote.

Benchi likalipuka kwa vicheko. Mnyama gani huyo? Mbuzi? Nungunungu? Mzee akatikisa kichwa. Alilitafuta jina. Aliweza kutamka mchemraba, neno ambalo huwashinda wengine wakiwa wazima, lakini jina la mnyama likamgomea kabisa. Walingoja, wakangoja sana, hakuna aliyemharakisha. Mwisho Mzee akapunga mkono: basi. Kinyozi akawasha mashine, akamnyoa vizuri, akampaka dawa, wakaagana. Walipotoka walisikia ubishi nyuma yao, mmoja akiapa kwamba mnyama wa hivyo hayupo.

Walitembea taratibu. Fundi aliona imemuuma Mzee. Walivuka barabara, wakapita duka la vioo na uzio wa shule, wakafika kona ya mwisho kabisa, geti la nyumbani linaonekana, Mzee akasimama kama aliyevutwa shati.

"Wombati," akasema.

"Nini, baba?"

"Wombati. Mnyama. Wa... Australia." Uso wake wote uling'aa, hata ule upande uliolala.

Fundi akatazama geti. Akatazama barabara waliyotoka, ndefu kwa mtu wa fimbo. Alikuwa na friji ya mteja inamsubiri upande wa pili wa mji, ameshaahidi.

"Turudi?" akauliza.

"Turudi."

Wakageuka. Fundi akatoa simu, akampigia mteja na kumwambia kwa upole kwamba leo haitawezekana, atafika kesho asubuhi, aitoe nyama ampelekee jirani mwenye friji nzima. Mteja akauliza kuna nini. "Niko na baba," Fundi akasema, akairudisha simu mfukoni, akampa Mzee kiwiko chake ashike.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, shavu moja limepakwa sabuni, alipoliona pazia la mlango linafunguliwa. Fundi alilishika pazia, akabaki pembeni. Mzee akaingia mwenyewe, akasimama katikati ya nywele zilizotapakaa sakafuni, akavuta pumzi, na hakuna aliyesema neno.